Unamwacha nani? Hesabu ya kumkaba fowadi nyota katika kikapu cha vyuo vikuu vya Marekani

Ukipata nafasi ya kuitazama tena mechi ya Duke na UCF (Chuo Kikuu cha Central Florida) ya Machi 24, 2019, mwache kwanza Zion Williamson, fowadi nyota wa Duke. Mtazame Tacko Fall. Kijana huyo wa Dakar, mwenye urefu wa mita 2.29, amesimama karibu na kikapu chake, mikono juu. Mtu ambaye Fall anapaswa kumkaba ni Tre Jones, pointi gadi wa Duke, yaani mwongoza mashambulizi, na Jones yuko kule kwenye mstari wa pointi tatu, peke yake, mpira mkononi, hasogelewi na yeyote. Mgeni wa mchezo angesema UCF wamesahau kukaba. Kumbe kocha wao, Johnny Dawkins, aliyeichezea Duke na baadaye akawa msaidizi wa kocha Mike Krzyzewski pale pale, alikuwa ameshaamua kwamba mtu wa kuachwa siku hiyo ni Jones.

Kabla ya mechi kubwa mashabiki hubishana jambo moja: nani atamkaba nyota? Fulani ana mwili, fulani ana miguu myepesi, fulani waliwahi kukutana sekondari akamtuliza. Makocha wana ubishi mwingine. Msimu ule Zion alifunga wastani wa pointi 22.6 kwa mechi na kuingiza asilimia 68 ya mitupo yake. Mtu wa namna hiyo hazuiwi na mmoja. Akienda wa pili kusaidia, wawili wako kwa mmoja, wamebaki watatu kwa wanne, na tayari kuna mtu yuko wazi. Swali la kocha linakuwa hili: huyo aliye wazi awe nani, awe wapi, na mpira umfikie baada ya muda gani? Zoni (kila mlinzi analinda eneo badala ya mtu), boksi na mmoja (wanne wanacheza zoni, mmoja anamfuata nyota), kumkaba kwa mbele, kumvamia wawili, yote ni majibu mbalimbali ya swali hilo moja.

Fowadi ndiye anayelifanya swali liwe gumu kuliko wengine. Gadi mkali, yule anayecheza nje, unaweza kumbana mbali na kikapu, karibu na mstari wa kati, kabla hajaanza kazi. Senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, anasubiri kuletewa mpira, kwa hiyo ukimsumbua mpiga pasi umeshamsumbua senta. Fowadi mzuri hana sehemu moja ya kusubiriwa. Anapokea pembeni, anapokea kwenye kiwiko cha boksi, yaani kona ya eneo lililochorwa mbele ya kikapu, anadaka ribaundi (mpira uliokosa kikapu ukarudi) na kuudunda mwenyewe mpaka upande wa pili. Na kwa kuwa ni mrefu, anawaona wenzake juu ya vichwa vya wanaomkaba. Zion alikuwa na mita mbili na kilo 129, akikimbia kama gadi. Ukimwekea mtu mzito, anampita. Ukimwekea mwepesi, anamsukuma mpaka chini ya kikapu.

Hapa sheria za mchezo zinaingia, na watu waliozoea NBA hujikwaa hapa mara nyingi. NBA ina sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi: huwezi kukaa ndani ya boksi zaidi ya muda huo bila kuwa karibu na mshambuliaji unayemkaba. Vyuo havina sheria hiyo. Fall aliruhusiwa kuhamia kabisa chini ya kikapu na kumkaba Jones kwa macho. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, nayo haina sheria hiyo, ndiyo maana hata katika ligi zetu utaona senta aliyeweka makazi ndani ya boksi na refa hana la kusema. Kwa hiyo mbinu ya Dawkins inawezekana Dar es Salaam au Nairobi bila kubadilisha chochote, mradi umpate wa mita 2.29.

Hesabu yake ilikuwa na msingi. Jones alikuwa mlinzi hodari na mpiga pasi makini, lakini msimu mzima aliingiza takriban mtupo mmoja kati ya minne ya pointi tatu. Duke kwa ujumla walikuwa chini ya asilimia 31, wabovu kwa timu iliyokuwa na vipaji vile. Dawkins alimwambia Jones, kwa vitendo: tupa. Kila mtupo wa Jones ulikuwa mtupo ambao Zion hakuupata.

Na bado Zion alifunga 32. Je, mbinu ilishindwa? Katika mashindano ya kitaifa ya vyuo, Duke walikuwa wamepangwa namba moja wa kanda yao, UCF namba tisa, na mechi iliisha 77 kwa 76. Zikiwa zimebaki sekunde 14 hivi, UCF wakiongoza kwa pointi tatu, Zion alimwendea Fall kifua kwa kifua, akafunga na kumchomea faulo ya tano. Chuoni faulo tano zinakutoa nje, si sita kama NBA, na Fall akaenda kukaa. Mtupo huru Zion akaukosa. Mpira uliporudi kwenye chuma, yule mwenye mikono ya kuufikia alikuwa benchi. RJ Barrett akaudaka, akafunga. UCF walikuwa na nafasi mbili za kushinda katika sekunde zilizobaki, na mpira wa mwisho uliosukumwa na Aubrey Dawkins, mtoto wa kocha, ulitembea juu ya ukingo ukadondokea nje. Aubrey naye alikuwa na pointi 32.

Kwangu mimi ile ilikuwa mbinu nzuri iliyokosa sentimita chache. Lakini ilikuwa na bei, na bei ilidaiwa siku tano baadaye. Dhidi ya Virginia Tech, Jones aliyekuwa akiachwa aliingiza mitupo mitano ya pointi tatu na kumaliza na 22, Duke wakapita 75 kwa 73. Mtu unayemwacha naye ana mikono.

Darasa kamili zaidi la somo hili ni la zamani. Machi 26, 1979, Salt Lake City, fainali ya vyuo: Michigan State ya Magic Johnson dhidi ya Indiana State ya Larry Bird. Indiana State walikuwa wameshinda mechi 33 bila kufungwa. Bird alikuwa na wastani wa pointi 28.6, ribaundi karibu 15 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 5.5, na katika nusu fainali dhidi ya DePaul alikuwa ametupa mara 19 na kuingiza 16. Kumkaba mtu mmoja kwa mmoja kulikuwa ni kujitakia aibu. Kumkaba wawili kulikuwa kubaya zaidi, maana yule bwana alikuwa mpiga pasi kuliko alivyokuwa mfungaji. Ukimjia wawili, unamrahisishia kazi aipendayo.

Kocha Jud Heathcote aliamua kumkaba kwa mtu mmoja na nusu. Msingi ulikuwa zoni, lakini zoni inayojigeuza: kila mlinzi ana eneo lake, na akiingia mtu katika eneo hilo anamkaba kama wa kwake. Bird akipokea mpira, yule wa eneo hilo anambana kifuani. Jirani yake hamwendei Bird wala habaki kwa mtu wake. Anasimama katikati, hatua moja na nusu kutoka kwa kila mmoja. Bird akidunda kuelekea upande ule, anakuta mwili. Akipiga pasi, jirani amesharudi. Nusu ya mtu ni hiyo. Haikuacha pengo lililo wazi kabisa ambalo jicho la Bird lingelichagua, na ilimfanya kila mara aamue akiwa na mashaka kidogo.

Mazoezini walikuwa na faida ambayo timu nyingine zisingeipata: mtu wa kuigiza Bird. Magic mwenyewe, mwenye urefu unaokaribiana na wa Bird na macho ya pasi kama yake, alicheza nafasi hiyo dhidi ya kikosi cha kwanza. Waliozoea kuzifunga njia za pasi za Magic hawakushangazwa sana na za Bird.

Bird alitupa mara 21, akaingiza 7. Alimaliza na pointi 19 na asisti mbili tu, na hizo asisti mbili kwangu zinasema zaidi ya zile 19. Michigan State walishinda 75 kwa 64. Tuwe wa haki: Bird alikuwa ameumia kidole gumba cha kushoto, na timu yake nzima ilitupa mitupo huru 22 ikaingiza 10. Hakuna zoni inayomkosesha mtu mtupo huru.

Kuna jambo jingine la kuwekwa wazi kabla mtu hajaichukua mbinu ya Heathcote na kuipeleka uwanjani leo. Mwaka 1979 fainali ile haikuwa na mstari wa pointi tatu wala saa ya kuhesabu sekunde za shambulizi. Saa ya sekunde 45 ilikuja vyuoni msimu wa 1985–86, mstari wa pointi tatu msimu uliofuata. Kabla ya hapo, mtupo wa mita saba ulilipwa sawa na ule wa chini ya kikapu. Kujikusanya ndani hakukuwa na gharama kubwa. Mstari ulipochorwa, gharama ikapanda kwa nusu nzima: yule uliyemwacha pembeni sasa analipwa tatu badala ya mbili.

Virginia ya Tony Bennett inaonyesha gharama hiyo kwa namba. Bennett alirithi kwa baba yake, Dick Bennett, ukabaji unaochora mstari wa kufikirika ndani kidogo ya ule wa pointi tatu: mmoja anambana mwenye mpira, wanne wengine wanakaa ndani ya mstari huo, tayari kuziba. Fowadi anayependa kupenya anakuta ukuta. Msimu wa 2018–19 Virginia walishinda mechi 35, wakafungwa 3 na kutwaa ubingwa. Kati ya hizo tatu, mbili walifungwa na Duke. Ya Januari 19 iliisha 72 kwa 70, Zion 27 na Barrett 30. Ya Februari 9, nyumbani kwa Virginia, Duke wale wale wasiojua kutupa kutoka mbali waliingiza mitupo 13 kati ya 21 ya pointi tatu wakashinda 81 kwa 71.

Sasa weka pembeni yake mechi ya Januari 14 ya mwaka huo huo. Syracuse ya Jim Boeheim, na zoni yake ya wawili mbele watatu nyuma, ilikwenda uwanjani kwa Duke na kuwaambia watupe. Wakatupa mara 43, wakaingiza 9. Zion alifunga 35, lakini Syracuse wakashinda 95 kwa 91 katika muda wa nyongeza. Ni kweli Jones aliumia bega mapema na Cam Reddish alikuwa mgonjwa, lakini namba hizo mbili, 9 kati ya 43 na 13 kati ya 21, zimetoka kwa timu moja ndani ya mwezi mmoja, dhidi ya wazo lile lile la kulinda ndani. Kocha anacheza na wastani wa msimu mzima. Mechi inachezwa usiku mmoja. Ndiyo maana nawaonea huruma makocha wanaoitwa wajinga kwa sababu mtu mbovu wa kutupa aliamka vizuri siku ile.

Kinyume chake kipo pia: kumkaba nyota mpaka ukasahau kwamba kuna mechi. Novemba 25, 2008, Jimmy Patsos wa Loyola ya Maryland aliweka watu wawili kwa Stephen Curry wa Davidson, mwenye mpira au asiye na mpira, dakika zote. Curry ni gadi, si fowadi, lakini hakuna mfano unaoeleza jambo hili vizuri zaidi. Alipoona wamemng'ang'ania, akaenda kusimama kwenye kona. Wawili wakaenda naye. Wenzake wakacheza wanne kwa watatu mpaka wakachoka kufunga. Curry alimaliza na sifuri, na Davidson walishinda 78 kwa 48. Loyola waliezua paa la nyumba nzima ili waezeke chumba kimoja.

Kwa hiyo wa pili aje, lakini aje lini? Hapa ndipo makocha wazuri wanapotengana na wengine, na runinga haionyeshi vizuri kwa sababu kamera inafuata mpira. Chukua fowadi aliyepokea mgongo wake ukielekea kikapu, upande wa kushoto. Msaidizi, yaani huyo mlinzi wa pili, akimjia mpira ukiwa bado hewani, fowadi anamwona, anapiga pasi bila hata kuudunda, na ukabaji mzima umechelewa hatua moja. Msaidizi akisubiri mpaka dundo la kwanza, hali inabadilika: macho ya fowadi yameshuka kidogo, mkono mmoja tu ndio uko kwenye mpira, na bega lake limeshaelekea upande fulani. Akija wakati huo, kutokea upande wa mgongo, fowadi anageuka na kukutana na kifua. Akidaka mpira kwa mikono miwili dundo limekwisha, na sasa anatafuta mtu wa kumpa huku mikono minne iko juu. Tofauti ya nyakati hizo mbili ni chini ya sekunde.

Anakotoka msaidizi nako kuna hesabu. Akitoka kwa aliyepiga pasi, anayebaki wazi ndiye aliye karibu zaidi na macho ya fowadi, na pasi ya kumrudishia ni fupi. Akitoka upande wa mbali, pasi ya kumfikia aliyeachwa lazima ivuke uwanja mzima kwa upana, na wakati mpira uko angani walinzi wanapata muda wa kurudi. Kwa mtu kama Zion, aliyetoa asisti kama mbili kwa mechi, unaweza kuthubutu. Kwa Bird unafikiri mara mbili.

Kuna kazi nyingine inayofanyika kabla mpira haujafika. Zion alitumia mkono wa kushoto, hivyo walinzi wake walijipanga nusu mwili upande huo kumsukumia kulia. Wengine humkaba fowadi kwa mbele, kati yake na mpira, ili apokee mita mbili nje ya pale anapopapenda. Mita mbili zinaonekana kidogo. Ni dundo moja la ziada, na dundo la ziada ndilo analolisubiri msaidizi.

Lakini yote hayo ni ya ukabaji uliojipanga, na sehemu kubwa ya madhara ya Zion haikutokea wakati huo. Alinyang'anya mipira zaidi ya miwili kwa mechi, na mara nyingi mpira alionyang'anya uliishia kwenye danki kabla mlinzi yeyote hajageuka. Zoni haimkabi mtu anayekimbia peke yake. Timu iliyotaka kumpunguza Zion ilianza kumkaba wakati yenyewe ikishambulia: pasi za uhakika, mtupo mzuri, na watu wawili wanaorudi nyuma mara mpira unapotoka mkononi. Michigan State, waliowatoa Duke 68 kwa 67 Machi 31, waliongeza jambo moja. Walimlazimisha naye akabe. Zion alimaliza na pointi 24 na ribaundi 14, takwimu za mshindi. Lakini pointi tatu zilizoipindua mechi, zikiwa zimebaki sekunde 34, zilitupwa na Kenny Goins, fowadi aliyemvuta Zion mbali na kikapu na kutupa juu ya mkono wake.

Duke hao hao walirudi mahali kama hapo Aprili 5, 2025, San Antonio, nusu fainali dhidi ya Houston, safari hii wakiwa na Cooper Flagg. Huyu alikuwa fowadi wa aina ya Bird zaidi kuliko ya Zion: pointi 19.2, ribaundi 7.5, asisti 4.2, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo akiwa na miaka 18. Na waliomzunguka walijua kutupa. Kon Knueppel aliingiza asilimia 40 ya pointi tatu. Ndani alikuwepo Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, anayedanki kila pasi ya juu anayorushiwa. Swali la unamwacha nani lilikuwa halina jibu zuri. Hapakuwa na Tre Jones.

Houston ya Kelvin Sampson ilijibu kwa kutomwacha mtu na kuwachosha wote. Walipambana kwa kila pasi, kila ribaundi. Maluach, pamoja na urefu wake, hakupata ribaundi hata moja. Duke waliongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili, kisha katika dakika kumi za mwisho wakafunga mtupo mmoja tu wa uwanjani. Wakiwa bado mbele kwa sita zikiwa zimebaki sekunde kama 35, walipoteza yote.

Shambulizi la maamuzi lilikuwa la Flagg, Duke wakiwa nyuma kwa moja. Kila mtu uwanjani alijua nani atapokea. Houston hawakumletea wa pili. J'Wan Roberts, fowadi wa mita 2.03, alibaki naye peke yake, maana wa pili angetoka kwa mtupaji wa pointi tatu, na Houston walikuwa tayari kuishi na mtupo mgumu wa pointi mbili kuliko ule wa wazi wa tatu. Flagg aliingia ndani ya boksi, akaruka akiegemea nyuma. Roberts hakurukia mpira, hakugusa mkono. Alinyoosha wake juu tu. Mpira ulipungua. Houston wakaongeza mitupo huru miwili. Flagg alikuwa na 27 usiku ule, na mechi iliisha Houston 70, Duke 67. Roberts alikuwa na miaka 23, msimu wake wa sita Houston.